Bakuli la Figili la Pembeni

Mama,

Sikutaka kukuamsha. Mwanao Seok-jun ananipeleka kulazwa, kashaanza kupiga honi. Wali uko kwenye sufuria ya umeme. ~~Usije hospitali, baridi kali.~~ Njoo, tafadhali.

Mwezi mzima ulininunia, ukidhani naidharau kimchi yako, ile achari ya figili, pale pembeni ya meza. Jana ukanisogezea bakuli mbele, nikalimaliza lote, ukapiga kelele: "Kumbe huyu haringi, haoni vya pembeni!" Ukaniburuta kwa daktari. Tezi ya chini ya ubongo imevimba kwa sababu ya ujauzito, inabana mishipa ya macho. Mtoto hajambo. Tungechelewa, ningepofuka.

Asante, Mama, pamoja na kununa kwako kote. Bakuli lirudishe palepale pembeni. Nikirudi nataka nilione mwenyewe.

Mkweo, Da-hye