Nilichanganya pete za beringi, shemeji yangu kasimamishwa kazi

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa maana Ijumaa ndiyo natakiwa kupeleka ripoti na hadi sasa nina karatasi tupu. Mimi ni fundi mkuu wa mitambo kwenye kiwanda cha karatasi, huu ni mwaka wa kumi na tisa, jina langu usiliandike, niite tu Daktari kama wanavyoniita wenzangu, kwa sababu mashine ikilia naweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wake na mpini sikioni, halafu nasema beringi ipi inaumwa, na sijawahi kukosea, yaani nilikuwa sijawahi.

Ili unielewe, beringi zetu ni zile za rola, vile vyuma vidogo vya mviringo vinavyobingirika, ndizo zinazobeba mapipa makubwa ya kukaushia karatasi, na kila moja inaachana vipande viwili, pete ya ndani unaipasha moto kwenye oili unaivalisha shafti, yaani chuma kirefu kinachozunguka, pete ya nje na rola zake unaiweka kwenye tundu lake, kisha unasukuma, inaingia laini mpaka raha, mradi vipande vyote viwili viwe vya boksi moja. Sheria ya karakana, ambayo niliiandika mimi mwenyewe ukutani kwa rangi nyekundu, ni kufungua boksi moja na kumaliza kazi yake ndipo uguse la pili. Sasa siku ile tulikuwa na mashine mbili za kubadilisha beringi, ya pili na ya tatu, stoo wakatupa maboksi mawili ya watengenezaji tofauti, saizi moja, na meneja akaja na wageni, nikaona niwaonyeshe kazi inavyokwenda mbio, nikafungua yote mawili nikamwaga kwenye sinia moja. Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, ambaye ndiye msaidizi wangu, akaninong'oneza, "Shemeji, tumalize moja kwanza." Nikamjibu kwa sauti ili wageni wasikie, "Wewe ndiye wa kunifundisha kazi?" Wageni wakacheka, yeye akarudi kwenye oili kupasha pete. Tulipomaliza mikono yangu ilikuwa imejaa grisi, nikamwambia asaini karatasi ya kazi.

Wiki ya tatu mashine ya pili ikapata joto, ikakwama, shafti ikachubuka, uzalishaji ukasimama siku mbili. Nilipoifungua nikakuta pete ya ndani ina namba za boksi hili na ya nje ina namba za boksi lile, nikazifunga kwenye tambara nikazificha kabatini kwangu. Meneja akatazama karatasi ya kazi, akaona saini ya shemeji, akamsimamisha, halafu akaniambia mimi, kama mtaalamu, niandike ripoti ya kusema mwenye kosa ni nani. Yaani nijichunguze mwenyewe, mshauri!

Mama mkwe kanipigia, "Mwanangu, si wewe ndiye mkubwa huko? Msemee mwenzio." Shemeji hajanilaumu hata kwa neno moja, anakuja kwangu, anacheza na watoto, ananiita shemeji kama kawaida, na hilo ndilo linalonimaliza. Mke wangu naye, ambaye ni mwendeshaji wa mashine ya tatu, zamu ya asubuhi, ananiambia, "Nashukuru ripoti kapewa mtu asiye na upendeleo." Juzi akalalamika kwamba mashine yake imeanza kutikisika na kunguruma, nikamwambia karatasi za siku hizi ni nzito, nikaongeza grisi. Ripoti nimeianza mara tano. Niseme vumbi liliingia? Au beringi zilikuwa mbovu tangu dukani? Nipe maneno yatakayomwokoa shemeji bila kuniharibia jina, maana jina ndilo pekee nililonalo. Ukitaka kunipata mapema, namba hiyo hapo chini ni ya mke wangu, simu yangu ilitumbukia kwenye oili, ila tafadhali usipige saa za kazi.

Ni mimi, Daktari

JIBU

Marahaba, Daktari. Pole kwa simu yako iliyotumbukia. Hayo mengine sikupi pole kwanza.

Unataka maneno? Ninayo, tena machache: "Nilifungua maboksi mawili kwa pamoja. Msaidizi wangu alinikataza. Nilimdhalilisha mbele ya wageni, kisha nikampa yeye asaini." Chini yake weka saini yako, na safari hii nawa mikono. Zile pete ulizozifunga kwenye tambara ziweke mezani kwa meneja pamoja na ripoti. Vumbi liache lipumzike, halijakukosea kitu.

Halafu umwombe radhi shemeji yako kwa sauti ile ile uliyomkemea nayo, pale pale karakana, watu wakiwepo. Usimwite pembeni. Na ukishamaliza, nenda ukasome hayo maandishi mekundu ukutani, nasikia aliyeyaandika ni fundi mzuri sana.

Najua inauma. Miaka kumi na tisa bila kukosea ni mzigo, na nadhani hakuna aliyewahi kukuambia kwamba fundi anaruhusiwa kukosea. Mimi nakuambia, anaruhusiwa. Jina lako halikuharibika pale kwenye sinia, ndugu yangu, limeanza kuharibika ulipotafuta tambara.

Lakini hebu ngoja, Daktari! Mimi beringi sizijui, cherehani yangu ikilia natia mafuta naendelea kushona. Ila kuhesabu mpaka mbili naweza. Maboksi mawili, sinia moja. Kama mashine ya pili ilifungwa nusu ya boksi hili na nusu ya boksi lile, zile nusu nyingine ziko wapi? Unajua zilipo. Umenijazia kurasa nne za heshima yako, mashine ya tatu ukaipa mstari mmoja na grisi. Na anayesimama mbele yake kila asubuhi ni nani? Bisibisi yako imekuwa kiziwi lini?

Barua yako ilinifikia Jumanne, saa nne asubuhi, na gazeti hili hutoka Alhamisi. Siku zote huwa nangoja gazeti, na msomaji wangu sijawahi kumpigia simu nyumbani kwake. Safari hii sikungoja. Nilipiga ile namba, tena saa za kazi, utanisamehe. Akapokea mwanamke, nyuma yake kitu kinanguruma.

"Mama, uko mashine ya ngapi?" nikamwuliza.

"Ya tatu. Nani mwenzangu?"

Nikamwambia aizime kwanza, asogee mbali, ndipo tusalimiane. Nashukuru hakubishana. Ngurumo ikafifia, ikakata. Alipouliza sababu nikamjibu kwamba siri ya barua siwezi kuitoa, ila mumewe ni fundi, atamweleza vizuri kuliko mimi.

Akasema, "Sawa, mama. Kaka yangu yuko nyumbani. Tutamngoja pamoja."

Leo ni Alhamisi, kwa hiyo umeshaulizwa. Natumaini hukuwaambia ni vumbi.