Kisima cha Shangazi Maulida

Jumamosi, 6 Septemba 2025
Chole, kwa shangazi. Kisima kimefika mita saba, wachimbaji wamekutana na mwamba mweupe, na fundi Mfaume amesimamisha kazi! Desturi yake: bonge la mwamba hulazwa kwenye bakuli la maji hadi asubuhi. Likilegea, hakuna kushuka bila pete za zege za kushikilia ukuta.

Nikamwambia hiyo ni ramli. Nikaeleza — kwa ufasaha, nakiri — jinsi miamba ya bara ilivyomomonyoka, mito ikaleta mchanga huku, tabaka juu ya tabaka, uzito ukaushindilia mamilioni ya miaka hadi ukawa jiwe.

"Mjomba, muda wote huo halijaanguka, lianguke kesho?" nikamuuliza.

"Mimi na darasa langu la nne nitabishana na milioni, Profesa?" akajibu Mfaume. Wachimbaji walikufa kwa kicheko. Shangazi akakata shauri: mimi mwanawe nimesomea mawe, kazi iendelee. Mfaume akamwaga bakuli.

Jumapili, 7 Septemba
Nimerudi Kibaha na kipande cha ule mwamba. Kwa ubishi tu nikakitia kwenye glasi ya maji, nipige picha, nimtumie Mfaume.

Saa moja baadaye — uji mweupe.

Nilifundisha nusu ya somo. Mwamba ukishakuwa mwamba hautulii; unaendelea kugeuka. Madini ya felspa yaliyomo katika mchanga ule yameoza polepole yakawa udongo wa kauri. Ukiwa mkavu unashika kama saruji, ukilowa, unaachia. Niliandika kurasa arobaini juu ya jambo hili chuoni!

Niwapigie simu. Lakini nianze vipi? Maji bado yako mbali. Nitapiga kesho.

Jumatatu, 8 Septemba
Shangazi amenitangulia kupiga, saa nne asubuhi. Maji yalichuruzika, ukuta ukashuka. Badru, mmoja wa wachimbaji, alikuwa chini. Amefukiwa hadi kifuani. Wamemtoa hai, mguu umesagika.

Tangu jana simu ilikuwa mkononi mwangu.

Jumatano, 10 Septemba
Hospitali. Badru ana watoto watatu na anafanya mzaha: "Kaka, jiwe lako limechoka kusubiri." Kisha akageukia ukutani. Daktari anazungumzia kuukata mguu. Nilikuwa na maneno yote tayari. Nikamenya chungwa.

Ijumaa, 12 Septemba
Kikao cha kitongoji, Chole. Mwenyekiti kaniomba niandike maelezo, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nimeandika: "Ukuta uliporomoka kwa kukosa pete za zege." Kila neno ni kweli.

Mke wa Badru akamuuliza Mfaume mbele ya watu: miaka thelathini kazini, kwa nini hukupima? Nilimngoja anitaje. Nilitamani anitaje! Akajibu kwamba shimo ni la anayelichimba. Akaweka dole gumba kwenye maelezo yangu. Kuanzia leo hachimbi tena, wameamua. Hata kazi aliyokuwa ameahidiwa kijijini Soga wamempa mwingine.

Inabaki saini yangu ya shahidi. Wamekwenda kuswali, nimebaki na karatasi. Chini ya dole lake kuna nafasi tupu ya mistari mitatu. Kuhusu glasi ile nahitaji mmoja tu.

Nimeandika "Siku ya Jumapili mimi" — kalamu imesimama hapo.

Wanarudi. Mfaume ametangulia. Namsikia akimuuliza shangazi kama Profesa amepata chochote cha kula.