Shikamoo ya Getini: Kumbukumbu ya Mama Asnath Alute wa Mungaa

Mwaka umetimia, Mama Asnath, tangu tukuzike Mungaa, mvua ikitunyeshea na kwaya ikikataa kukatisha wimbo. Kulia tumelia. Leo tunataka kukuambia, na wanaosoma wasikie, mambo yamefikia wapi.

Ulikuwa mshona magunia kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti, Singida mjini. Gunia la mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, likishapita kwenye sindano yako, ile shazia uliyoichomeka kwenye kilemba hata kanisani, halikufumuka mpaka lifike kwa mfugaji. Nguo za wifi zako ulizisema waziwazi kwamba zimeshonwa vibaya, halafu ukakaa ukazishona upya. Aliyekosa nauli ya kurudi kijijini alilala kwako, hata kama ulimjua jana.

Kisha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ikarudi nyuma ghalani kimyakimya, ikakubana mguu ukutani. Ilikuwa kimya kwa sababu honi yake ya kurudi nyuma ilikatwa waya. Eti iliwasumbua ofisini wakiongea na simu. Dereva hatumlaumu. Naye aliambiwa akitaka kazi aendeshe hivyohivyo.

Kiwanda kikasema ulikuwa umesinzia. Wewe, Mama! Wewe ambaye hata mahubiri marefu kuliko yote hayakuwahi kukufumba jicho! Wakaongeza kwamba kibarua hana madai. Ukawajibu kutoka kitandani, "Kibarua ni mimi. Mguu wangu ulikuwa wa kudumu."

Ulikwenda ofisi ya kazi kwa magongo, ukarudi kichwa juu. Uliambiwa kuwa anayeumia kazini ana haki ya kutibiwa na kulipwa fidia, awe wa mkataba au wa kuitwa asubuhi getini. Madai ya fidia ukayaacha kwao yafuate njia yake, wewe ukabaki unataka mambo mawili: honi irudishwe, na kiwanda kiseme ukweli wa namna ulivyoumia.

Basi ukachukua kiti chako cha bluu cha plastiki, ukakiweka getini. Hukubeba bango, hukumtukana mtu. Ulikaa tu, na kwetu mtu mzima hapitwi bila kuamkiwa. Mlinzi aliyetumwa akufukuze alianza na shikamoo, akaishia kukuletea maji. Meneja Noel, kijana aliyefunzwa kwao akafunzika, alisimamisha gari, akashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Honi imerudishwa?"

"Bado, mama. Tunalishughulikia."

"Na mimi nilisinzia?"

Hapo Noel alikumbuka ana kikao, akarudi garini.

Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Akahamia geti la nyuma, la malori, ukahamisha kiti. Siku aliyopita bila hata kushusha kioo, wapakiaji waliweka mizigo chini wakasema, "Kama mama mtu mzima hamwamkii, sisi atatujali?" Wiki hiyohiyo honi ikarudi. Kila ilipolia ghalani ulipiga makofi kule getini. Wapita njia walidhani umechanganyikiwa, kumbe ulikuwa unafurahia miguu ya wenzako.

Lakini lile neno la kusinzia hawakulifuta. Kidonda nacho kikakataa kupona, mwisho kikakuchukua. Kwenye matanga Noel alikuja na mchele na mbuzi, akasema ni mipango ya Mungu. Mdogo wako Rahabu akamjibu mbele ya wazee, "Karibu ule, mwanangu, mgeni hafukuzwi. Ila Mungu hakukata waya."

Ndipo yule dereva akasimama katikati ya waombolezaji, akasema hukusinzia: ulikuwa unashona, tena unaimba. Tangu siku ile hana kazi pale, na neno lake hajalirudisha. Tunamshukuru hapa kwa uchungu na kwa heshima. Mchele ulipikwa, watu wakala. Mbuzi tulimrudisha, maana mbuzi wa kuomba radhi huja na maneno ya kukiri kosa, na yule alikuja bila maneno.

Mwaka mzima wakubwa wa kiwanda wametutumia watu: tunyamaze, marehemu apumzike. Tunakasirika, Mama, na hatuoni haya kusema hivyo. Ulipokuwa na jambo hukuwahi kupumzika ungali hai. Nani amewaambia umeanza kaburini?

Jumapili hii tunakufanyia ibada nyumbani Mungaa. Jumatatu asubuhi kiti cha bluu kinarudi getini, na atakikalia Rahabu. Ana wajukuu, amempita Noel umri kwa mbali, na shikamoo ni haki yake. Akishaitikia marahaba atauliza swali lako lilelile la kusinzia. Akichoka, wifi zako wamejipanga, na wote mvi wanazo.

Unakumbukwa na mumeo Mzee Alute, mdogo wako Rahabu, wanao Loyce na Enock, wifi zako wote, na washona magunia wenzako ambao leo wanaisikia honi kabla hawajaiona mashine.

Kukusahau hatuwezi, Mama. Na wao hatutawaacha wakusahau.