Kifaa Changu Kinalia Nikikumbatiwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na Mungu akubariki kwa kunisoma, maana hii jambo sijaambia hata dada yangu. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na moja, naimba kwaya hapa Gihundwe, batoto wangu wote wako mbali. Tangu mwaka jana nasikia kwa kifaa kidogo nyuma ya sikio, nakificha chini ya kitambaa cha kichwa. Siku moja ibada ikiisha, Maman Charlotte, mwenzangu wa kwaya na jirani wa ukuta mmoja, alinikumbatia kwa nguvu, kifaa kikalia fiiii, akaruka nyuma: "Yesu wangu! Pepo gani hiyo?" Nikasema ni simu. "Simu gani inalia kama panya?" Batu wakacheka, na mimi nikacheka. Tangu hapo nakizima kanisani, naangalia tu midomo ya pasta, na wakati wa kupeana amani natoa mkono, sikumbatii muntu.

Sasa Jumapili, kwa jirani yetu Umwali, tuliangalia filamu ya agasobanuye, zile za wageni ambazo msimulizi anatutafsiria juu ya sauti. Mji wa miaka ijayo, binti mwenye jicho la chuma, batu wanamkimbiza na mawe. Msimulizi akasema, "Huyu ni shetani!" Nyumba nzima ikapiga kelele, "Mumuchome!" Mshauri, na mimi nilisema mumuchome, sauti yangu juu kuliko zote, mkono mmoja nimeshika kitambaa. Binti akasema maneno mingi akilia, msimulizi akatuambia tu, "Analaani." Charlotte akanigeukia: "Wa hivi akiishi kwetu, mimi nahama."

Nataka kuacha kwaya. Lakini nikiacha, wiki itapita bila muntu kuniita jina. Nifanye nini?

*Maman, pole sana. Sasa vumilia nikugombeze.*

Filamu hiyo nimeiona bila msimulizi. Neno shetani halimo. Binti analia akisema, "Nimezaliwa mtaa huu, mama yangu aliwaokea mikate." Ndiyo hiyo mliyoambiwa ni laana. Watunzi wa hadithi za kesho humpa mtu jicho la chuma ili sisi tutazame mawe yaliyo mikononi mwetu. Jiwe lako ulilirusha. Tubu, lakini kuacha kwaya si toba, ni kujificha tena. Na ile simu ya uongo, Maman! Kitu ukikosa kukitaja jina, msimulizi atakipa la kwake.

Kifaa hulia kikifunikwa. Basi kitambaa unachofichia kifaa ndicho kinachokisemesha. Funga kitambaa kipite juu, sikio libaki wazi, na kikizidi kulia rudi hospitali wakirekebishe.

Kabla ya mazoezi yenu yajayo, bisha hodi kwa Charlotte. Usimhubirie. Kivue kifaa kikiwa kimewashwa, kiweke kiganjani mwake, mfunge vidole: kitalia. Mwambie, "Pepo yenyewe ndiyo hii." Mwache apige kelele, mwache acheke. Kisha kirudishe sikioni, umgeuzie mgongo usione midomo yake, na umwombe akuite jina lako, kwa sauti ndogo.