Raba ya Mtafiti

Mtendeni, Jumatano, baada ya Magharibi

Wiki nzima mimi na ndugu mtafiti kutoka chuo kikuu tunavipiga picha vitabu vya Kiarabu vya marehemu babu. Mimi namsomea, yeye anashika kamera. Nilishaanza kumwita mwenzangu.

Leo nimetoka kuchemsha chai, narudi namkuta na raba. Anafuta pembezoni mwa kurasa, pale babu alipoandika kwa penseli alichofundishwa, na ni mwalimu gani aliyemfundisha.

"Nasafisha, dada, picha itoke vizuri."

Vitabu vyenyewe vimechapwa, msikiti wowote unavyo. Cha babu kilikuwa hiyo penseli tu.

Na chai nikammiminia. Najichukia.

Mabaki ya raba nimeyakusanya kwenye kisahani, siwezi kuyatupa. Vitabu vya jana naogopa kuvifungua.