Sauti za Mzee Remtulla Zilizokuwa D

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Leo nimeharibu kazini.
Laptop ya steshenari ilikuwa nzito wiki nzima. Sehemu ya C ya diski imejaa mpaka imekuwa nyekundu, kuprinti ukurasa mmoja unasubiri kama foleni ya kliniki. Video moja kwenye simu ikasema: futa sehemu ya D, halafu vuta C ichukue nafasi yake. Nikataka Mama Sakarbai, mwenye duka, akija akute mashine inakimbia. Nikafuta. Kompyuta iliniuliza kabisa, una uhakika? Nikajibu ndiyo — mie!
Kabla sijaivuta C, mwanangu Editha akaamka analia. Nikamnyonyesha. Yuko titini ndo nakumbuka. Sauti za mzee! Mume wa Mama, mzee Remtulla, alifariki mwaka jana. Marsiya zake zote, yale mashairi ya maombolezo aliyosoma imambara, ukumbi wao wa ibada, zilikuwa D. Mahali pengine hazipo.
Nimezima. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 5 Agosti
Shikamoo Mama. Marahaba. Kambeba Editha, kamchekesha, halafu kasema Jumamosi ni khitma ya mwaka ya mzee, nimwekee kwenye flashi ile marsiya ya mwisho aliyoisoma. Nikamwambia chaja inasumbua. Uongo! Mtu aliyeniacha nije kazini na mtoto mgongoni, Sinza hii nitampata wapi mwingine?
Hyder, mwanawe, kapiga simu. Anajua tatizo ni laptop kuwa nzito tu. Eti sista, irudishe kama ilivyotoka kiwandani, chagua ile ya kubakiza mafaili, hakuna kinachopotea. Kidole kilishafika kwenye kitufe. Nikaogopa. Nikazima tena.

Jumatano, 6 Agosti
Nimempata fundi, Tupokigwe, dada wa Mbeya, kibanda chake kiko nyuma ya gesti. Kacheka kwanza.
"Umeng'oa namba za nyumba mtaa mzima, sasa unamtafuta mwenye nyumba!"
Halafu kaacha kucheka. Kauliza kama niliivuta C. Nikasema hapana, mtoto alilia.
"Huyo mtoto mnunulie soda. Kakuokoa."
Kasema sauti huenda zipo bado, alama tu ndo zimeondoka. Ila kitu kipya kikiandikwa juu yake, basi tena. Ile ya Hyder isingerudisha kitu, ingezidi kuvuruga. Anasaka polepole, kila anachookota anakihamishia kwenye diski nyingine.
Mama nimemwambia laptop iko kwa fundi. Angalau hilo ni kweli.

Alhamisi, 7 Agosti
Usakaji umefika asilimia 31. Ee Mungu.

Ijumaa, 8 Agosti — Nane Nane
Zimerudi! Mia mbili na kumi na nne! Nimeruka kibandani na Editha mgongoni, Tupokigwe kasema utamtapisha mtoto.
Halafu nikatazama. Hazina majina. Hazina tarehe. Namba tu. Nyingine fupi sana, kasema hizo zimeliwa, hazitapona. Nikavaa hedifoni nitafute ile ya mwisho. Kiurdu. Sijui hata neno. Kwangu zote ni mzee mmoja analia.
"Na mie sielewi kitu," kasema Tupokigwe. "Anayezijua ni mmoja tu, na wewe unamjua."
Namjua.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimesema. Asubuhi, kabla hata hajakaa. Mama, ni mie, nilifuta, hizi ndizo zilizopatikana, sijui ipi ni ipi.
Alishusha shata la mlango nusu, akavuta kiti. "Fungua."
Tangu hapo hajanitazama. Sauti ikianza anaitaja, ya mwaka gani, ya usiku gani wa Muharram, mie naandika. Editha kalala miguuni pake, kamfunika kwa ncha ya mtandio. Sijui ndo msamaha, sijui hataki tu kumwamsha.
Tumefika ya arobaini na mbili. Ile ya mwisho bado. Khitma ni jioni hii.
Kaenda kuswali adhuhuri huko nyuma, ndo napata nafasi ya kuandika. Kabla hajainuka tulikuwa tumefungua nyingine. Alipoisikia akashika meza. Hakutaja mwaka. Dakika mbili, ikakatika katikati ya neno.
"Rudisha nyuma."
Nikarudisha. Ikakatika palepale.
"Rudisha."
Mara ya nne hivi, mzee alipokatika, yeye akaendelea. Kwa sauti ndogo, macho kafumba. Akafika mahali akasita, akainuka kwenda kuswali. Nadhani ndiyo ile ya mwisho, ila hajaitaja.
Namsikia anakunja mkeka. Hapa kwenye daftari nimeandika 43, mbele yake sijaandika kitu.