Meza Iliyogomea Mlango

3 Septemba

Kobe wangu,

Hujambo huko chuoni? Sisi wazima. Mgongo wa mama yako unamsumbua, lakini analalamika kwa sauti kubwa, kwa hiyo afya anayo.

Meza yako ya kusomea inakuja na lori la mbao. Haina msumari hata mmoja. Nimeiunganisha kiungo kwa kiungo, miguu haibanduki.

Ushauri sina mwingi. Elimu yangu niliipata kwenye magazeti ya kufungia misumari, ndiyo maana najua mwanzo wa mambo mengi na mwisho wa machache. Keti mbele. Usipoelewa, uliza siku hiyo hiyo, maana swali likilala linaota mizizi. Na usijifungie chumbani kama ulivyozoea. Jina la Kobe tulikupa kwa utani.

Babako, seremala.

9 Septemba

Baba, shikamoo. Mgongo wa mama vipi?

Meza imefika. Haiingii mlangoni. Dereva na mlinzi wameijaribu kwa ubavu, wameipindua miguu juu, wapi! Baba, ulipima mlango gani?

Sasa imekaa kwenye korido, mbele ya chumba changu. Bweni zima linajigonga hapo na kucheka. Neno pekee nililozungumza na watu tangu nifike ni "samahani". Darasani naketi mbele, lakini mwalimu akiniuliza, nainama kutafuta kalamu.

Mwezi ukiisha hali ikiwa hii hii, narudi nyumbani kupiga msasa.

Mwanao, Kobe.

14 Septemba

Marahaba, mwanangu.

Nilipima mlango wa karakana, ule unaopitisha kabati la milango mitatu. Mimi ninayewafokea vijana wangu kuhusu vipimo kila asubuhi! Mganga hajigangi. Mama yako amecheka mpaka mgongo umepona.

Mwezi ukiisha nitakuja na msumeno. Nitaipunguza meza, au nitakurudisha wewe. Msasa upo, na mlango wa nyumbani unaujua.

Ila mpaka nifike, keti hapo hapo kwenye korido. Na atakayejigonga, ukishamwambia samahani, muongezee neno moja tu.

Babako.

22 Septemba

Kobe, mbona hujajibu? Mama yako anazunguka nyumba akisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Msumeno nimeshaunoa, ingawa mkono ulikuwa mzito.

Babako.

26 Septemba

Baba, shikamoo. Nisamehe, nilikosa pa kuandikia. Meza imejaa.

Jirani yangu, yule mrefu tunayemwita Mlingoti, alijigonga nyonga. Nikasema samahani. Halafu nikaongeza: "Keti." Akaketi, anasonya, mkononi ana hesabu ile ile iliyonishinda mimi. Tukaivuruga pamoja mpaka ikakubali. Kesho yake akaja na wenzake.

Juzi mlezi wa bweni alikuja kuiondoa meza. Akatukuta tunabishana. "Nani huyo anapiga kelele?" Wote wakaninyooshea kidole. Mimi, baba! Akatikisa kichwa, akasema meza ibaki, kelele ndiyo ipungue.

Jana darasani nilinyoosha mkono. Jibu lilikuwa kosa, lakini lilisikika mpaka nyuma.

Msumeno uache. Njoo na benchi, wawili wanasimama. Korido nimeipima mwenyewe, vipimo viko nyuma ya karatasi hii. Mlango wa karakana usiukaribie.

Mwanao, Kobe.